Kupaka rangi vyumba na samani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Namba zilizo mbele ya maswali zina kazi yake: jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utatumwa kwenye namba hiyo badala ya kurudiwa maneno yaleyale. Swali la 7 na la 8 yasome kwa makini zaidi. Usichoke, maana huko ndiko rangi nyingi zinakoharibikia kabla hata kopo halijafunguliwa.

## Kabla ya kununua

1. Rangi ya maji na rangi ya mafuta zinatofautianaje?

Rangi yoyote ina vitu vinne: unga unaotoa rangi yenyewe, gundi inayoushikiza unga huo ukutani, kimiminika kinachofanya vyote vipakike, na viungo vichache vya kuzuia povu na kuvu. Inapokauka, kimiminika huondoka, unga na gundi vikabaki. Kwenye rangi ya maji kimiminika hicho ni maji, na gundi ni ya akriliki au vinili. Kwenye rangi ya mafuta ni kiyeyusho cha jamii ya tapentaini, na gundi ni alkidi, ambayo hukomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Neno "lateksi" unaloliona kwenye makopo mengine ni jina tu la rangi ya maji. Hakuna utomvu wa mpira humo.

Rangi ya maji hukauka upesi, hainuki sana, haigeuki njano kwa urahisi, na brashi yake huoshwa kwa maji na sabuni. Ya mafuta ni ngumu na hujilaza vizuri hata alama za brashi zikapotea zenyewe. Lakini hukauka polepole, hunuka, na nyeupe yake hugeuka njano, hasa pasipofika mwanga: nyuma ya mlango, ndani ya kabati. Kuta na dari za vyumba zipake rangi ya maji. Milango na samani zinakubali zote mbili. Mimi nimehamia akriliki ya mbao kwa sababu ya huo umanjano.

2. Nitajuaje mlango wangu ulipakwa rangi gani zamani?

Lowesha pamba kwa spiriti ya kusafishia vidonda, kisha sugua kwa nguvu sehemu iliyojificha. Rangi ikihamia kwenye pamba, au ikilainika na kunata, ni ya maji. Pamba ikitoka safi, ni ya mafuta. Kipimo hiki cha nusu dakika huokoa kazi ya siku nzima. Sababu iko swali la 26.

3. Nichague inayong'aa au isiyong'aa?

Tazama kwanza hali ya ukuta. Rangi isiyong'aa hutawanya mwanga, kwa hiyo huficha mawimbi ya plasta na viraka vya puti. Inayong'aa hufanya kinyume: kila kovu linaonekana, hasa mwanga wa dirisha ukipita kando ya ukuta. Ila inayong'aa huoshwa mara nyingi bila kuchubuka.

Ndiyo maana dari hupakwa isiyong'aa, sebule na vyumba vya kulala isiyong'aa au silki (yenye mng'ao hafifu), jikoni na bafuni silki au nusu-glosi, na milango glosi (inayong'aa sana) au nusu-glosi. Ukuta ulioharibika usiupake silki ukitumaini kwamba mng'ao utaupendezesha. Utautangaza.

4. Ninunue lita ngapi?

Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. "Mkono" hapa ni kile mafundi wengine wanachokiita koti: kuupaka ukuta wote mara moja. Plasta mpya yenye mchanga unaokwaruza hunywa zaidi, na lita moja inaweza isivuke mita za mraba 7.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kuta za kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 14. Zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 37.8. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.5 kwa 1.2, zinabaki kama 34. Mikono miwili ni 68. Gawa kwa 10, unapata lita 6.8. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubakiza kidogo cha viraka vya baadaye. Dari ya chumba hicho ni mita za mraba 12, nayo inataka lita 2.4 kwa mikono miwili.

Ukinunua makopo zaidi ya moja ya rangi iliyochanganywa dukani, yamimine yote kwenye ndoo moja, koroga, ndipo uanze. Makopo mawili yenye namba ileile ya rangi yanaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta, mahali ulipofungua kopo la pili.

5. Mbona rangi ya kwenye kadi ya kuchagulia dukani si ile iliyoko ukutani?

Kadi ni ndogo na imezungukwa na weupe. Ukuta ni mkubwa na umezungukwa na kuta nyingine zinazomulikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo rangi hujiongezea nguvu. Manjano iliyoonekana pole kwenye kadi hupiga kelele chumbani. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyofifia zaidi.

Dawa ya kweli ni kopo dogo la majaribio. Paka mikono miwili kwenye kadibodi kubwa, usipake ukutani kwenyewe, halafu ihamishe kona hadi kona: asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Usiihukumu ingali mbichi, maana rangi nyingi za maji hukolea kidogo zikikauka.

6. Ni vifaa gani hasa vinahitajika?

Brashi moja nzuri ya inchi 2 au 2.5 ya kupakia kingo, rola na trei, nguzo ya kurefusha rola, skrepa, puti na kisu chake, msasa wa namba mbalimbali, tepu ya karatasi, na turubai au shuka kuukuu la sakafuni. Karatasi za nailoni pekee huteleza chini ya miguu, na tone la rangi hukaa juu yake likisubiri kukanyagwa.

Pa kutoa pesa bila kusita ni kwenye brashi na rola. Rola ya bei ya chini huacha manyoya ukutani, nawe utatumia jioni nzima kuyatoa kwa kucha. Nyuzi za rola zenye urefu wa milimita 10 hivi zinafaa ukuta laini, 18 hadi 20 plasta ya kukwaruza, na 5 au 6 milango na samani. Brashi ya rangi ya maji iwe ya nyuzi za plastiki, kwa sababu manyoya ya mnyama hunywa maji yakavimba na kulegea. Manyoya ya asili yaachie rangi ya mafuta.

## Kuandaa ukuta

7. "Andaa ukuta" maana yake nifanye nini?

Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, kisha fungua vifuniko vya swichi na soketi. Kwangua kwa skrepa kila kinachobanduka. Kikishika kwa nguvu, kiache. Osha ukuta kwa maji ya sabuni, suuza, uache ukauke. Jikoni sugua zaidi, kwa sababu mafuta ya kupikia hupanda hadi dari na hayaonekani mpaka rangi inapokataa kushika.

Ziba nyufa na matundu kwa puti. Shimo refu lijaze kwa awamu, si kwa tonge moja, kwani puti nene hukauka juu ikabaki mbichi ndani, kisha husinyaa. Ufa unaojirudia kila mwaka kati ya ukuta na fremu ya mlango usiuzibe kwa puti. Huo unacheza, na unataka akriliki ya kujazia inayonyumbuka.

Puti ikikauka, piga msasa namba 120, malizia kwa 180, huku umevaa barakoa. Halafu futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote: rangi hushika vumbi, na vumbi halijashika ukuta.

Jaribu kazi yako kwa tepu. Bandika kipande, kikandamize, kivute kwa ghafla. Kikitoka na vumbi au magamba, bado.

8. Praima ni lazima? Si nipake tu mkono wa tatu wa rangi?

Praima ni rangi ya kutangulizia, inayopakwa kabla ya rangi yenyewe. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya maji, ulio mzima na wa rangi inayokaribiana na mpya, hauhitaji praima. Hapo okoa pesa yako.

Inahitajika kwenye kitu kisichowahi kupakwa (plasta, jipsamu, mbao tupu, chuma), kwenye viraka vya puti, kwenye rangi ya zamani ya mafuta unapohamia ya maji, kwenye madoa, na pale unapofunika rangi iliyokolea kwa iliyofifia. Praima imetengenezwa ishike na izibe. Rangi ya juu imetengenezwa ipendeze na ioshwe. Mkono wa tatu wa rangi juu ya puti isiyo na praima utakuachia mabaka yaleyale yaliyofifia, kwa sababu puti inaendelea kuinywa gundi.

9. Plasta mpya ya saruji nisubiri kwa muda gani?

Wiki nne ndiyo kanuni ya kawaida, na zaidi hali ya hewa ikiwa ya unyevunyevu. Maji yanapotoka hubeba chumvi, zikaonekana ukutani kama unga mweupe. Ufagie ungali mkavu, usiuoshe, kwani maji huuyeyusha ukarudi ndani.

Sababu ya pili ni ukali wa saruji mbichi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hugeuka sabuni, na hilo si neno la kuchekesha: alkali ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni, ndivyo sabuni inavyopikwa. Rangi hulainika, hunata, hubanduka. Tumia praima inayohimili alkali, na juu yake rangi ya maji.

Plasta ya jipsamu haina ukali huo ila ina kiu. Subiri iwe na weupe mmoja kila mahali bila mabaka meusi, kisha mkono wa kwanza uwe rangi isiyong'aa iliyopunguzwa kwa maji.

10. Ukuta una chokaa ya zamani. Naweza kupaka rangi juu yake?

Pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, rangi yoyote utakayopaka itashika unga huo na kuondoka nao. Kwangua na kusugua kwa brashi ngumu mpaka ufikie panaposhika, futa, kisha paka praima ya kugandisha unga, ile nyepesi inayopenya ndani. Au endelea na chokaa: ni nafuu, huacha ukuta upumue, na kuvu haiipendi kwa sababu ya ukali wake. Kwa nyumba kongwe za mawe, chokaa juu ya chokaa ni uamuzi wa busara kabisa.

11. Ukungu mweusi unarudi kila nikipaka. Nifanye nini?

Acha kupaka kwanza. Rangi haitibu unyevu. Tafuta unakotoka kwa kubandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, ukizungushia tepu pande zote, kisha ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani, na dawa ni madirisha na feni. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba, paa, au udongo uliolundikwa nje. Hilo lirekebishwe kwanza, na ukuta upewe wiki kadhaa kukauka.

Kuvu yenyewe iue kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji. Iache dakika 15, sugua, suuza. Vaa glavu na ufungue madirisha, wala usiichanganye kamwe na siki, amonia au dawa ya kusafishia choo; mvuke wake ni sumu.

12. Doa la maji kwenye dari linatokeza hata baada ya mikono mitatu. Kwa nini?

Kwa sababu doa linayeyuka kwenye maji, na rangi yako ni ya maji. Kila mkono unaliyeyusha upya na kulileta juu. Moshi, nikotini na wino wa kalamu nzito hufanya hivyohivyo. Hakikisha paa limeshazibwa, kisha paka praima ya kuzuia madoa yenye shelaki (gundi asilia inayoyeyushwa kwa spiriti) au mafuta mahali penye doa, na juu yake rangi ya kawaida. Vifundo vya msonobari na mbao nyekundu kama mkangazi nazo hutoa madoa. Dawa ni ileile.

13. Nyumba ni ya zamani. Rangi iliyopo inaweza kuwa na madini ya risasi?

Inaweza. Rangi za risasi zilifunika vizuri na kudumu, ndiyo maana zilichelewa kuondoka ingawa madhara yalijulikana: mkataba wa kimataifa wa kazi uliopitishwa Geneva mwaka 1921 tayari ulizuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani wa majengo mengi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na tangu 2009 kikomo chake ni sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi.

Ukiwa na shaka, peleka kipande maabara. Rangi ikiwa imeshika vizuri, kuifunika kwa rangi mpya ni salama kuliko kuikwangua. Ikilazimu kukwangua, ilowanishe kwanza. Usipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto. Watoto na wajawazito wasiwepo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiwe.

## Siku ya kupaka

14. Nianze wapi?

Juu kwenda chini: dari, kuta, kisha fremu, milango na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta). Matone ya dari huangukia ukuta ambao bado hujaupaka. Kila ukuta anza na kingo zake kwa brashi, upana wa vidole vitatu hivi, halafu fuata kwa rola papo hapo kingo zingali mbichi. Ukipaka kingo za chumba kizima asubuhi na rola jioni, utapata fremu ya picha kuzunguka kila ukuta.

15. Kwa nini michirizi ya rola inaonekana?

Rola kavu ukiikandamiza, au kurudia palipoanza kukauka. Ya pili ndiyo ya wengi. Unaona kasoro, unarudi kuirekebisha dakika kumi baadaye, nawe unaing'oa ngozi iliyoanza kuganda. Iache. Mkono wa pili utaifunika.

Chovya rola, ipitishe kwenye mgongo wa trei isidondoshe, fanya kazi kwa eneo la mita moja hivi kwa moja, kisha malizia kwa kupitisha rola kidogokidogo kuelekea upande mmoja. Eneo jipya lianzie kwenye ukingo ambao bado ni mbichi. Ukuta ukiwa umepigwa na jua kali, subiri kivuli, maana ukingo utakauka kabla hujaufikia. Na usiache kazi katikati ya ukuta. Pumzika kwenye kona.

16. Mikono mingapi, na nisubiri kwa muda gani kati yake?

Miwili. Makopo yanayoahidi mmoja hutimiza ahadi pale unapopaka rangi ileile juu ya ileile. Nyekundu na manjano kali zinaweza kudai mitatu au minne, kwa sababu unga wake hauzibi vizuri. Zipe praima ya kijivu au ya rangi inayokaribiana.

Rangi ya maji hushikika baada ya saa moja au mbili na hupakwa tena baada ya saa 4 hivi. Ya mafuta, saa 16 hadi 24. Fuata kopo lako, na unyevu ukiwa mwingi ongeza. Chini ya nyuzi joto 10 rangi nyingi za maji hazishikani vizuri. Kukauka pia si kukomaa: huchukua wiki mbili hadi nne rangi kufikia ugumu wake wote, na kabla ya hapo usiusugue ukuta.

17. Niipunguze rangi kwa kitu gani, na kiasi gani?

Ya maji kwa maji safi, ya mafuta kwa tapentaini au thina iliyoandikwa kwenye kopo. Asilimia 5 hadi 10 hutosha. Mkono wa kwanza kwenye plasta yenye kiu huweza kufika 20. Ukizidisha, gundi inakuwa chache na ukuta utatoa unga ukiugusa.

Usitumie petroli. Mvuke wake hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au cheche ya swichi, chumba kikalipuka. Mafuta ya taa hayalipuki hivyo, ila huacha ulaini unaochelewesha rangi kukauka.

18. Tepu niitoe lini?

Rangi ya mkono wa mwisho ikiwa bado na ubichi kidogo, kwa kuivuta polepole ikijikunja juu yake yenyewe. Imeshakauka? Pitisha wembe ukingoni kwanza, isije ikang'oa rangi.

19. Naweza kulala chumbani usiku huohuo?

Ukiwa umepaka rangi ya maji na madirisha yapo wazi, mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hatapata shida, lakini siku mbili tatu za hewa ni bora. Ya mafuta, lala kwingine mpaka harufu iishe. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasubiri zaidi. "Haina harufu" kwenye kopo haina maana ya kwamba haitoi mvuke.

## Samani

20. Nina kabati la mbao lenye vanishi. Hatua ni zipi?

Ondoa vitasa, droo na bawaba, uziandikie namba kwa penseli. Osha kwa sabuni inayokata mafuta, suuza. Kuosha ni kabla ya msasa, si baada, la sivyo msasa utayasukuma mafuta ndani ya mbao. Piga msasa namba 120 kufuata uzi wa mbao mpaka mng'ao wote uishe. Si lazima ufike mbao tupu. Malizia kwa 180. Futa vumbi.

Paka praima (swali la 8; kwa mbao nyekundu, swali la 12). Ikikauka, nyuzi za mbao zitakuwa zimesimama, utazihisi kwa kiganja. Zilaze kwa msasa namba 240. Sasa rangi, mikono miwili au mitatu myembamba, ukipitisha msasa namba 320 kwa wepesi katikati. Mkono mmoja mnene huteremka michirizi.

Kisha sehemu ngumu: kusubiri. Milango ya kabati ikifungwa mapema hugandana, na chombo kizito kikiwekwa juu siku ya tatu kitaacha alama yake milele. Wiki moja ndiyo kiasi cha chini, mbili ni bora.

21. Kabati la ubao wa kubandikwa plastiki nalo linapakika?

Ndiyo, ila plastiki haina matundu ya rangi kuingia. Osha, kwaruza kwa msasa namba 180 mpaka mng'ao ufifie, paka praima ya kushikia vitu laini. Sehemu ambapo plastiki imevimba au kubanduka igundishe kwanza. Kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) zilizo wazi hunywa kama sifongo. Zipe praima mara mbili, isiyo ya maji.

22. Rangi ya chaki (ile ya samani isiyong'aa, yenye sura ya unga) haihitaji msasa. Kweli?

Nusu ya ukweli. Msasa unaweza kuuruka, kuosha huwezi. Na kwa kuwa hunyonya kila kitu, inataka nta au vanishi juu. Kwa fremu ya kioo ni nzuri. Kwa meza ya kulia chakula kila siku, sishauri.

23. Kiti cha chuma chenye kutu je?

Brashi ya waya, msasa namba 80, futa, praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya mafuta. Kopo la kupulizia lishike umbali wa sentimita 25 hadi 30, lisisimame mahali pamoja.

Chuma kilichopakwa zinki, kama mabati, ni jambo jingine. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka sabuni kama ilivyoelezwa swali la 9, na baada ya miezi hubanduka kwa vipande vikubwa. Tumia praima ya mabati.

24. Kitanda cha mtoto nipake rangi gani?

Akriliki ya maji, yenye kuonyesha kiwango cha usalama wa vitu vya kuchezea. Barani Ulaya ni EN 71-3. Iache ikomae wiki mbili hadi nne kabla mtoto hajaanza kutafuna ukingo, kwa sababu atautafuna. Kitanda cha kurithi, soma swali la 13 kabla ya kugusa msasa.

25. Vanishi juu ya samani nyeupe imegeuka njano.

Ilikuwa ya mafuta. Juu ya nyeupe tumia ya maji, ambayo huonekana kama maziwa koponi na kuwa angavu ikikauka. Iliyokwisha kuwa njano haioshwi. Piga msasa upake upya.

## Mambo yakiharibika

26. Rangi inabanduka. Tatizo ni nini?

Okota gamba moja, uligeuze. Mgongo wake ndio utakaosema. Ukiwa na unga mweupe, ulipaka juu ya chokaa au vumbi (swali la 10 na la 7). Ukiwa laini kama plastiki, na chini yake kunang'aa, ulipaka rangi ya maji juu ya mafuta bila msasa wala praima. Ukiwa na unyevu au chumvi, rudi swali la 11. Ukiwa umeng'oka na plasta yenyewe, rangi haina kosa. Plasta ndiyo mbovu.

La pili nimelifanya mwenyewe. Mlango wa glosi ya zamani, akriliki nyeupe nzuri juu yake, haraka ya wageni. Kwa wiki mbili ulipendeza. Kisha mtoto akapata pembe iliyoinuka karibu na kitasa, akavuta, na ukanda wa urefu wa mkono ukatoka mzima kama ganda la ndizi. Hakuna kiraka kinachoponya hilo. Nilibandua mlango wote, na ilikuwa rahisi kwa kiasi cha kuudhi.

27. Kuna vijishimo vya duara, rangi inakimbia kama maji kwenye mafuta.

Mafundi wengine huviita macho ya samaki. Ni silikoni au nta ya dawa ya kung'arishia samani. Kuongeza rangi hakusaidii. Iache ikauke, piga msasa, futa kwa tapentaini ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, kisha praima ya shelaki.

28. Rangi ya mafuta imekunjamana, au bado inanata baada ya siku nne.

Imepakwa nene. Juu imekutana na oksijeni ikajifunga, ndani bado ni mbichi. Inayonata ipe hewa na joto siku kadhaa zaidi. Iliyokunjamana haitanyooka: subiri igande, ipige msasa, upake myembamba.

## Baada ya kazi

29. Lazima nioshe brashi kila ninapopumzika?

Hapana. Ifunge kwa nailoni bila kuacha hewa. Usiku mmoja itavumilia. Kazi ikiisha, ya maji ioshe kwa sabuni mpaka maji yatoke safi, uitundike nyuzi zikitazama chini. Ya mafuta isuuze kwa tapentaini mara mbili tatu. Tapentaini hiyo usiimwage: iache kwenye chupa iliyofungwa, uchafu utatuama, nawe utatumia tena iliyo safi juu.

30. Vitambaa vyenye mafuta vina hatari gani?

Vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Mafuta ya kitani na vanishi za mafuta hutoa joto zinapovuta oksijeni. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo hewani. Kilichofinyangwa na kutupwa kwenye pipa hulitunza mpaka moto uanze, pengine saa kadhaa baada ya wewe kulala. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

31. Rangi iliyobaki niitunzeje, na iliyoharibika niitupe wapi?

Futa mdomo wa kopo, weka nailoni chini ya kifuniko, gonga kwa nyundo ya mpira. Weka mahali penye kivuli pasipoganda barafu. Kwenye kifuniko andika chumba, tarehe na namba ya rangi. Ukiikuta na ngozi juu, itoe nzima bila kuivunja, chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Ikinuka kama kitu kilichooza, bakteria wameingia. Usiipake, harufu hiyo huhamia ukutani.

Usimwage yoyote kwenye mfereji wala choo. Ya maji ichanganye na mchanga au unga wa mbao igande, kisha itupe na taka ngumu. Ya mafuta pamoja na thina yake ipeleke panapokusanywa taka za hatari, au mpe jirani mwenye lango linaloanza kutu.